Vyuma vya Mpakani

Chuma cha kwanza cha namna ile kilipoletwa nyumbani, Namalwa ndiye aliyekigonga nyundo. Kilikuwa kipande cha nondo kinene kama kidole gumba, kirefu kama mkono tangu kiwiko hadi vidole, na upande mmoja kilikuwa kimeng'ang'aniwa na bonge la simiti. Athumani, mnunuzi wa vyuma kuukuu, hakuwa akinunua simiti. Namalwa aliilaza nondo juu ya jiwe la uani, akagonga mpaka bonge likapasuka, kisha akaokota vipande akavimwaga mlangoni pa zizi, pale ng'ombe walipokuwa wanakanyaga matope.

"Hiki umekitoa wapi, Baba Protus?" alimwuliza mumewe.

"Chini," Philemon alijibu huku akinawa mikono. "Kwani vile vingine nilikuwa navitoa juu?"

Namalwa akacheka. Baadaye alipokumbuka kicheko kile, alikionea haya kuliko nyundo.

Philemon Khisa alikuwa mtu wa Navakholo, na watu wa Lugari walimwita Keya kwa sababu ya jeshi alilotumikia. Vita vya Hitla vilimpeleka Habeshi, vikampeleka mpaka Bama kule Asia, na kazi aliyofundishwa huko ilikuwa kutembea mbele ya wenzake akiwa ameshika chombo kama kikaango kipana chenye mpini mrefu, masikioni amevaa vikombe viwili, akiisikiliza ardhi. Penye chuma, chombo kililia. Mara nyingi chuma hicho kilikuwa bomu. Aliporudi kwao na miguu yote miwili, mama yake alipeleka kuku kanisani kutoa shukrani, na kwa muda mrefu Philemon hakutaka hata kuongea habari za chombo kile.

Kisha Uhuru ulikuja. Mashamba ya wazungu wa Lugari yalikatwa vipande, na Philemon na Namalwa walikuwa miongoni mwa waliopewa. Mzungu wa mwisho wa upande ule alipokuwa anaondoka, alifanya mnada wa vitu vyake, na kati ya viti na matandiko ya farasi kulikuwa na kikaango kile kile chenye mpini. Watu walikipitisha mkono kwa mkono wakiuliza kinapika nini. Philemon alikinunua kwa bei isiyotosha kununua hata jogoo. Alikaa nacho wiki nzima akifunga nyaya na kujaribu mawe ya tochi, mpaka siku moja Namalwa alimwona amesimama kati ya mahindi, vikombe masikioni, uso umejikunja, kisha akachuchumaa na kufukua mnyororo.

Tangu siku hiyo walikula kwa chuma. Wazungu walikuwa wameacha mengi ardhini: visahani vya plau, pete za magurudumu ya magari ya ng'ombe, viatu vya farasi, mabomba yaliyooza nusu. Philemon alitafuta na kuchimba, Namalwa aliuza. Siku ya soko alimbebesha punda mzigo, akamfikisha kwa Athumani, Mwislamu wa kutoka Shianda aliyekuja na lori na mizani yake ya kuning'iniza.

"Asalaam aleikum, mama," Athumani angesema.

"Aleikum salaam," Namalwa angejibu, ingawa alikuwa mtu wa kanisa la Friends na wala hakuwa na hakika maana yake yote.

Alikuwa mjanja wa biashara. Alijua kutenga shaba na chuma, alijua kuja mapema kabla wauzaji wengine hawajashusha bei. Mara moja alishindilia udongo ndani ya bomba ili liwe zito. Athumani aliligongagonga, udongo ukamwagika juu ya viatu vyake, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, mimi nanunua chuma," alisema. "Sikusema nanunua Lugari."

Majirani nao walifurahi. Chuma kilichofichika kilikuwa kinawavunjia majembe, kwa hiyo walimwita Keya aje apitishe kikaango chake mashambani mwao, na alichokipata akakichukua. Watoto walimfuata kama wanaofuata bendi. Hakuna nyumba katika kilima kile ambayo Philemon hakuwahi kuingia shambani mwake kwa ruhusa ya mwenyewe.

Lakini ardhi nayo huisha. Mwaka wa tatu kikaango kilianza kukaa kimya. Mvua za mwanzo zilinyesha vibaya, mahindi yakabaki na vigunzi vyembamba kama mikia ya panya, na punda akawa anakwenda sokoni na makopo na misumari tu. Hapo ndipo nondo zilipoanza kuja nyumbani, moja, halafu nyingine, halafu mbili kwa pamoja, zote sawasawa, zote na simiti.

Nondo ya kwanza Namalwa hakuitambua. Hiyo ni kweli. Ya pili alijiuliza. Kufikia ya tatu alijua, maana alikumbuka siku waliyopewa shamba. Afisa aliwazungusha kila familia kwenye pembe za kipande chao, na kwenye kila pembe akamwambia mwanamume aweke mguu juu ya kigingi cha chuma kilichochungulia kutoka kwenye simiti. "Hii inaitwa bikoni," afisa alisema. "Nyumba inaweza kuungua, mti unaweza kukatwa. Hii ndiyo shamba lako. Isiguswe." Tangu siku ile udongo na majani yalikuwa yamezifunika bikoni zile, watu walipanda mkonge au waliacha ukanda wa nyasi kati yao, na hakuna aliyekwenda kuzitazama tena.

"Baba Protus, hizi ni bikoni za watu," Namalwa alisema.

"Watu wanajuana mipaka yao. Chuma kinawafanyia nini huko chini?" Philemon alijibu bila kumtazama. "Ukitaka kurudi Navakholo ndugu zangu watucheke, sema."

Namalwa hakusema. Watoto walikuwa wanakunywa chai ya sukari. Alichukua nyundo.

Ilifika hata siku moja akampelekea uji alipokuwa anachimba mojawapo. Ilikuwa pembe ya chini ya shamba la Sellah, karibu na kijito, hatua chache kutoka kwa mpera mmoja uliojiotea. Namalwa aliketi kwenye nyasi, akamtazama mumewe akiizungusha nondo kama mtu anayeng'oa jino, na akamwambia afunike shimo vizuri ng'ombe wa watu asivunjike mguu.

Sellah, ambaye watu walimwita Mama Ayuma, alikuwa jirani yao wa karibu. Alikuwa ametoka upande wa Butali na mumewe, na mwaka wa kwanza tu mume akafa kwa ugonjwa wa kifua, akamwacha na binti mmoja na shamba lililoshuka kilimani likiwa pana juu na jembamba chini, kama ulimi unaolamba kijito. Namalwa alipojifungua kitinda mimba wake, mvua ikiwa imekata njia, ni Sellah aliyempokea mtoto. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alicheka kwa kufunika mdomo.

Jirani wa Sellah upande wa pili alikuwa Erastus, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo kanisani. Erastus hakuwa mtu mbaya kwa kila kitu. Alikuwa amelima bure shamba la mjane huyu mara mbili. Lakini alinunua jozi ya maksai, na mtu akiwa na maksai wapya anatazama kila nyasi kama kwamba inamdharau. Asubuhi moja alipitisha plau juu ya ukanda wa mpaka, akaendelea kushuka, akaulima ulimi wote wa Sellah mpaka kwenye kijito.

Sellah alisimama mbele ya maksai. "Bwana Erastus, hapa ni kwangu."

"Kwako kunaishia pale kwenye mti wa musutsu, Mama Ayuma. Marehemu alikuwa anajua."

"Marehemu aliweka mguu kwenye bikoni hapa chini. Mimi nilikuwa nimesimama naye."

"Basi nionyeshe bikoni," Erastus alisema, tena kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa atoe ulimi. "Ukinionyesha, nageuza ng'ombe saa hii hii."

Sellah alichukua jembe akaanza kuchimba. Alichimba siku ile mpaka jua likashuka, akarudi kesho yake. Alifungua ardhi kama mtu anayetafuta viazi, shimo hapa, shimo pale, binti yake Ayuma akisomba udongo kwa karai. Namalwa aliwaona kutoka juu. Mahali alipochimba Sellah palikuwa karibu sana na penyewe. Mara moja aliweka mguu hasa pale, akasita, akasogea. Namalwa alipika uji wa wimbi, akautia kwenye kibuyu, akashuka nao.

"Mungu akubariki, Mama Protus," Sellah alisema akipokea kwa mikono miwili yenye malengelenge. "Wewe ndiye uliyenikumbuka."

Namalwa alikaa naye kidogo. Alitaka kusema kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kimepanga foleni mdomoni. Akasema mvua itanyesha jioni.

Habari ilifika kwa liguru Wanyonyi, mzee wa mtaa, ambaye ndiye aliyeamua kesi ndogo kabla hazijafika kwa chifu. Alikuja, akatazama mashimo, akakuna kidevu. "Lakini mbona tunachosha mikono," alisema, "na hapa tuko na Keya? Bikoni si chuma?"

Walikuja wote hadi uani kwa Philemon: liguru, Erastus, Sellah, na wengine waliokuwa njiani. Namalwa alikuwa anachambua mboga za mrenda. Alimtazama mumewe usoni liguru alipokuwa anaeleza. Philemon alisikiliza, akaitikia kichwa, akasema, "Jumamosi. Ninunue kwanza mawe ya tochi."

"Umeona?" Sellah alimnong'oneza Namalwa, na kwa mara ya kwanza siku zile alitabasamu. "Chuma hakidanganyi."

Walipoondoka, Namalwa alisema, "Utafanya nini?"

"Nitawatafutia."

"Utatafuta nini, na kitu kilikwenda na lori?"

Philemon alikwenda kukaa juu ya jiwe. Kwa muda alikuwa ni mtu mzee tu. Halafu alisema kwamba akikiri, si bikoni ya Sellah peke yake. Watu watakwenda kuangalia zao, na serikali haichezi na mtu anayeng'oa alama zake. Watanyang'anywa shamba. Hata yeye atafungwa. "Nilitembea juu ya mabomu ili nipate mahali pa kuzikwa," alisema. "Sitapapoteza kwa ajili ya misumari."

Kesho yake Namalwa alifunga safari hadi kwa Athumani, ambaye wiki ile lori lake lilikuwa limeharibika na alikuwa bado pale sokoni. Hakujua anataka nini hasa. Aliuliza kama zile nondo fupi bado zipo.

"Zilikwenda Kisumu kitambo, mama." Athumani alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana. "Saa hii zimekwisha yeyushwa. Labda mtu amezifanya dirisha." Alitambaa nje, akajipangusa mafuta, akamtazama vizuri. "Kuna shida?"

"Hapana."

"Mimi napima tu," Athumani alisema, kama kwamba Namalwa alimshtaki. "Mtu akileta, napima."

Aliporudi alimkuta Philemon nyuma ya zizi. Zilikuwa zimebaki nondo mbili ambazo hazikuwa zimeuzwa. Moja alikuwa ameichukua, na mwisho wake alikuwa anaupaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, akiuviringa kwa uangalifu, mpaka ukafanana na simiti kuukuu. Mbuzi jike mwekundu alikuwa amefungwa kwenye mti. Namalwa alimfahamu mbuzi yule. Alikuwa wa Erastus.

"Kwa hiyo itakuwa kwenye musutsu," Namalwa alisema.

"Itakuwa mahali ambapo watu wataacha kuuliza."

"Na Sellah atachota maji wapi?"

"Atapita kwetu. Sisi hatutamnyima maji."

Alisema hivyo kwa moyo mmoja, na ndilo lililomwogopesha Namalwa. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu aliporudi kutoka vitani, na hakuwahi kumjua kuwa mkatili. Hata sasa hakuwa mkatili. Alikuwa mtu anayepaka udongo juu ya chuma.

Ijumaa mchana, Philemon alipokwenda kununua mawe ya tochi na watu walipokuwa wamejificha jua, Namalwa alichukua ndoo ya nguo chafu. Chini ya nguo kulikuwa na nondo ile ya mwisho na jembe la mpini mfupi. Alishuka kijitoni. Alifika kwenye mpera, akapata mahali alipoketi siku ile aliyompelekea mumewe uji, akahesabu kwa macho, akachimba. Udongo ulikuwa laini. Alihisi ardhi ilikuwa bado haijasahau shimo. Akaisimamisha nondo, akafukia, akarudisha majani juu na kuyakanyaga. Kisha akafua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Hakumwambia mtu. Alijieleza hivi: kesho kikaango kitalia kwenye mpera, mbele ya watu wote, na Philemon atalazimika kusimama. Mpaka utarudi mahali pake. Hakuna atakayefungwa, hakuna atakayeulizwa, wala yeye hatahitaji kufungua mdomo. Chuma kitasema kwa niaba yake. Alikuwa amesahau jambo moja. Chombo kile hakikulia kwa sauti ya watu. Kililia ndani ya vikombe, na vikombe vilikuwa masikioni mwa Philemon peke yake.

Alilikumbuka Jumamosi, wakati umati umekwisha kupanga mstari kando ya plau ya Erastus na mumewe anavaa vikombe. Sellah alikuwa amesimama ubavuni pake, amevaa gauni lake la kanisani.

Philemon alianzia kijitoni, jinsi liguru alivyotaka. Alitembea polepole, akikipeleka kikaango kulia na kushoto sentimita chache juu ya ardhi, na watu walinyamaza kabisa, hata watoto. Alikaribia mpera.

Kikaango kilipita, kikarudi. Philemon alisimama.

Ilikuwa kidogo tu. Mtu mwingine angedhani amekanyaga mwiba. Lakini Namalwa aliona shingo ikikakamaa, akaona mkono wake wa kushoto ukienda kwenye kikombe kimoja na kukibana, kama afanyavyo akisikia kitu na hataki kukiamini. Aliinua kichwa. Macho yake yaliruka juu ya wanaume, yakaja moja kwa moja kwa wanawake, yakamkuta mkewe. Walitazamana.

Kisha Philemon akainamisha kichwa na kuendelea. Alipanda taratibu, kulia na kushoto, mpaka kwenye mti wa musutsu. Hapo alisimama, akavua vikombe. "Hapa," alisema.

Vijana walichimba. Nondo ilitokea na bonge lake, na Erastus akamshukuru Mungu kwa sauti. Sellah hakulia. Alisema tu, taratibu, "Lakini nilisimama pale," akiwa hazungumzi na mtu yeyote, "nilisimama pale naye."

"Baba Protus," Namalwa aliita. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na watu wakageuka. "Kule kwenye mpera ulisimama. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Ulisikia."

"Mama Protus, nyamaza."

"Liguru," Namalwa alisema, "waambie wachimbe kwenye mpera."

Walichimba, na haikuwachukua muda. Liguru Wanyonyi alisimama katikati ya watu akiwa na nondo moja mkono huu na nyingine mkono huu, mzee wa watu, kama mtu aliyepewa vijiko viwili na sahani hana. "Mpaka mmoja," alisema. "Bikoni mbili." Alishuka kijitoni akazitia majini zote. Bonge la nondo ya musutsu lilianza kutoa wingu la kijivu, likalegea, likaondoka na maji. Liguru alilitazama likienda. "Simiti gani hii ambayo inaoga inaisha?" aliuliza. Halafu akainua nyingine, iliyokuwa haina chochote. "Na hii?"

"Hiyo nimeizika mimi jana," Namalwa alisema. "Lakini hapo ndipo yenyewe ilipokuwa. Nilikuwepo ilipong'olewa. Mimi ndiye niliyeiuza."

Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Sellah ndiye aliyeelewa kwanza. Aligeuka, na uso wake haukuwa na hasira bado; ulikuwa unatafuta.

"Siku zile nilizochimba," alisema. "Ulikuwa unajua?"

Namalwa aliitikia kichwa.

"Na ukaniletea uji."

Basi. Alifungua mkono wa Namalwa, maana kumbe walikuwa wameshikana wakati wote ule, akauachia, akasogea mbali.

Kilichofuata hakikuwa kelele, kwanza. Mtu mmoja nyuma ya umati, Kipsang, aliyekuwa na shamba karibu na barabara, aliuliza, "Aliingianga kwangu pia?" Akaondoka bila kungoja jibu, anatembea haraka, halafu anakimbia. Mwingine akamfuata. Ndani ya muda mfupi umati wote ulikuwa umetawanyika, kila mtu na jembe, kila mtu kuelekea kwenye pembe za shamba lake. Walibaki liguru, Erastus aliyekuwa anatazama viatu vyake, na Philemon na kikaango. Kisha kutoka juu ya kilima sauti zikaanza kuja, moja hapa, nyingine kule. "Hakuna!" "Hapa pia hakuna!" Namalwa alizisikia zote. Alizijua hata zile ambazo bado hazijaita.

Askari walimchukua Philemon siku ya pili yake. Alikwenda kwa utaratibu, amevaa koti lake la zamani la jeshi, na kikaango kilikwenda naye kama ushahidi. Mahakamani Kakamega alisema ni yeye peke yake, mkewe hakujua alichokuwa anauza. Namalwa, aliyekaa kwenye benchi la nyuma na mtoto mapajani, alisimama ili aseme sivyo, na karani akamwambia akae chini. Alikaa. Hilo nalo alilibeba. Erastus aliitwa kama shahidi, akaeleza habari za mbuzi kwa namna ambayo mbuzi alionekana amejifunga mwenyewe.

Wapima ardhi walikuja baada ya mavuno na ramani na minyororo yao. Liguru aliamua kwamba nyumba ya Keya ndiyo itakayobeba mchanga na maji ya simiti kwa kila bikoni mpya, na Namalwa alibeba, debe kichwani, pembe baada ya pembe, shamba la huyu na la huyu. Wengine walimtukana. Kipsang alimpokea debe akalishusha chini. Wengi walisimama tu mbali wakatazama kama kwamba amekuja kuwazika. Kwenye shamba la Sellah, bikoni iliangukia juu kidogo ya mpera. Kijito kilibaki kwake, ila mstari mmoja wa mahindi ulikwenda kwa Erastus. Namalwa alikuwa amekosea, si kwa mengi. Sellah alitia sahihi ya dole gumba, akapanda kwenda zake.

Kabla ya mvua Namalwa alikwenda jela kumwona mumewe. Alikuwa amekonda, na amenyolewa. Waliongea habari za watoto, za ng'ombe, za afisa aliyesema suala la kuwanyang'anya shamba litaangaliwa tena baada ya msimu na asiahidi kitu.

"Kilipolia pale kwenye mpera," Philemon alisema ghafla, "nilidhani ni masikio yangu. Bama tulikuwa tunasikianga vitu ambavyo havipo. Kisha nikakuona uso."

"Na ukapita."

"Nikapita." Alijipapasa kichwa kilichonyolewa. "Hata leo, Mama Protus, sijui. Ukinirudisha pale, sijui kama sitapita tena."

Namalwa angeweza kumlaumu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amezika chuma ili asiseme, na aliposema alikuwa amechelewa. Alimpa vitumbua alivyokuwa amemletea, askari alivivunja kimoja kimoja kuangalia ndani, na muda ukaisha.

Mvua ilimkuta akiwa amekwisha kutayarisha nusu ya shamba kwa jembe la mkono. Alikuwa anapanda mahindi na Protus siku Sellah alipopita njiani na mtungi, anakwenda kijitoni. Namalwa aliinuka.

"Mulembe, Mama Ayuma."

Sellah alisimama. Alitazama mistari, iliyokuwa imepinda kwa sababu mtoto ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Midomo yake ilicheza kidogo, kisha ikafungwa. Aliweka mtungi sawa kichwani, akashuka. Namalwa alingoja mpaka akapotea nyuma ya nyasi, halafu akamwambia Protus avute kamba tena, waanze mstari mwingine.